Nyumba mpya yenye sura ya Kiingereza: ushauri kwa mnaoanza kusanifu

Mteja wa hapa Uingereza akikuita mezani akakwambia anataka nyumba mpya kabisa, yenye starehe zote za leo, lakini "iwe ya Kiingereza hasa", usikimbilie kuchora. Muulize kwanza: ya Kiingereza ya wapi, na ya enzi gani? Wengi hawana jibu, na si wa kulaumiwa. Kichwani mwao mna picha zilizochanganyika: dirisha waliloliona Bath, meko ya hoteli ya shamba, jiko la kwenye jarida, mlango mweusi wa London wenye kigongeo cha shaba. Ukiyachora yote pamoja, hakuna hata moja litakaloonekana. Kazi yako ya kwanza, wewe uliyeingia ofisini juzi, ni kumsaidia achague. Ya pili ni kuhakikisha fedha zake zinaingia kwenye vitu ambavyo hataweza kuvibadilisha baadaye: urefu wa dari, matundu ya madirisha, tofali, mwelekeo wa nyumba. Mapazia na makochi yatanunuliwa tena na tena, ukuta hapana.

Nawaandikia vijana wetu wanaosomea usanifu na upambaji wa ndani huku, na wale wanaochora kwa ajili ya wateja wa huku wakiwa wamekaa Nairobi au Dar es Salaam. Maswali mnayoniuliza yanafanana sana.

Swali la wapi ni swali la mawe na udongo. Kabla ya reli, mtu alijenga kwa kilichochimbwa karibu, ndiyo maana kila upande wa nchi ukawa na sura yake. Ukiwa Cotswolds, tuseme Chipping Campden, ukuta ni jiwe la chokaa lenye rangi ya asali, na paa ni vibamba vya mawe, vikubwa kwenye ukingo wa chini na vinazidi kuwa vidogo kadiri unavyopanda juu. Kule Stonesfield, Oxfordshire, mawe ya paa yaliachwa nje wakati wa baridi ili barafu iyapasue. Ukishuka Kent na Sussex unakuta vigae vidogo vya udongo, na si paani tu, hata ukutani vimening'inizwa. Norfolk ni nchi ya gumegume lililopangwa ndani ya mota, na tofali kwenye pembe kwa kuwa jiwe la mviringo halikubali kutoa pembe iliyonyooka. Kwa hiyo kabla hujachagua chochote, tembea kijiji chenyewe. Piga picha kuta, achana na mandhari. Pima tofali kwa futi kamba, angalia rangi ya mota, angalia paa lina mwinuko gani na limetokeza kiasi gani nje ya ukuta. Siku ofisa wa halmashauri anayeshughulikia majengo ya kale atakapokuuliza kwa nini umechora hivi, utakuwa na jibu, na jibu hilo lina uzito kuliko picha nzuri za kompyuta.

Swali la enzi ni gumu zaidi, maana linagusa jinsi mteja anavyotaka kuishi. Nyumba ya enzi ya wafalme walioitwa George, 1714 hadi 1830, inategemea uwiano tu: mlango katikati, madirisha yanayolingana kushoto na kulia, ghorofa ya mapokezi ndefu kuliko nyingine, mapambo machache. Inaonekana rahisi, na ndiyo inayoumbua wengi. Ukikosea kipimo cha dirisha kwa sentimita 10, uso mzima umepotea, na hakuna ua la plasta litakaloficha. Halafu mteja anataka gereji ya magari matatu upande mmoja, na ule ulinganifu umekufa papo hapo.

Kwa maoni yangu anayeanza asome kwanza harakati ya Sanaa na Ufundi (Arts and Crafts) ya nusu ya pili ya karne ya 19, iliyotetea kazi ya mkono. Red House ya Bexleyheath, ambayo Philip Webb alimsanifia rafiki yake William Morris na ikajengwa mwaka 1859 na 1860, haikujali ulinganifu. Dirisha limewekwa pale chumba kinapolihitaji. Nenda pia ukatazame michoro ya Deanery Garden iliyoko Sonning, Berkshire, ambayo Edwin Lutyens aliimaliza mwaka 1901: tofali nyekundu, ukumbi wenye dirisha kubwa la mbao za mwaloni, na nyumba iliyozungushiwa bustani aliyoipanga pamoja na mbunifu wa bustani Gertrude Jekyll. Ramani ya namna hiyo inakubali maisha ya leo. Jiko kubwa lililo wazi linaingia bila kuvunja kitu, gereji inajificha nyuma ya ukuta wa bustani, na bado mpita njia ataiona nyumba ya Kiingereza.

Sasa nitakaa kidogo kwenye dirisha, kwa sababu ndipo nyumba nyingi za aina hii zinapofia.

Dirisha la sashi ni lile lenye fremu mbili za kioo, ya juu na ya chini, zinazopanda na kushuka ndani ya sanduku la mbao. Pembeni mwa sanduku vimefichwa vyuma vizito vilivyofungwa kamba inayopita kwenye kapi. Uzito wa chuma unalingana na uzito wa fremu, ndiyo maana dirisha refu kuliko mtu linainuliwa kwa vidole. Mwaka 1709 sheria ilitaka fremu za madirisha ya London zirudishwe inchi 4 ndani ya ukuta, ili moto usipate mbao za kurukia. Sheria ya 1774 ikataka sanduku lenyewe lifichwe nyuma ya tofali. Zilikuwa sheria za moto, lakini ndizo zilizoipa nyumba ya enzi ile kivuli chake kirefu kuzunguka kila dirisha. Nyumba nyingi mpya za leo zinaweka dirisha karibu usawa na uso wa tofali, maana hapo ni rahisi kuliunganisha na kihami joto kilichomo katikati ya ukuta. Ukuta huo unaweza kuwa na unene wa milimita 400, na bado utaonekana mwembamba. Pigania kile kina cha inchi 4. Mkandarasi atakwambia joto litavuja. Mpe mchoro wa kona hiyo unaoonyesha kihami joto kikipita nyuma ya sanduku, na mjadala utaisha.

Jambo la pili ni vijiti vinavyogawa vioo. Mwanzoni mwa karne ya 18 vilikuwa vinene, vingine zaidi ya milimita 30. Kufikia miaka ya 1800 maseremala walikuwa wamevikondesha hadi karibu nusu ya hapo, na wembamba huo ndio uzuri wenyewe. Leo kanuni za kuzuia joto lisivuje kwa kawaida zinakulazimisha utumie kioo cha tabaka mbili. Kioo cha kawaida cha namna hiyo kina unene wa milimita 24, na kijiti cha kukishika lazima kinenepe. Viwanda vikaja na njia ya mkato: kioo kimoja kikubwa, na vijiti vimegundishwa juu yake kwa gundi. Ukisimama pembeni unaona kivuli cha kijiti kwenye kioo cha ndani, na mchezo umekwisha. Kama mfuko wa mteja unaruhusu, na tunazungumzia nyumba za kifahari kwa hiyo unaruhusu, omba kioo kilichoondolewa hewa katikati. Unene wake wote ni milimita chache tu, kinakaa kwenye kijiti chembamba cha kweli, na kinazuia joto vizuri kuliko kile kinene. Bei yake inauma. Punguza marumaru ya bafuni ulipie hicho.

Halafu kuna zile pembe ndogo zinazoning'inia chini ya fremu ya juu ya sashi. Kodi ya kioo ilifutwa mwaka 1845, vioo vikubwa vikawa rahisi kununua, vijiti vikapungua, na uzito wote ukaelemea maungio ya fremu. Seremala wa enzi ya Malkia Victoria akaacha ncha ya mbao irefuke kupita ungio ili liwe imara. Basi ukiona dirisha la vioo sita juu na sita chini, mtindo wa akina George, lakini lina zile pembe, ujue aliyelichora alinakili bila kusoma. Wateja hawalijui hili. Majirani zao wanalijua, na watamwambia siku ya chakula cha jioni.

Tofali nayo ina mambo yake. Tofali ya kawaida ya Uingereza ni milimita 215 kwa 102.5 kwa 65, na mota ya milimita 10. Ukuta wa kale uliojengwa kwa mpangilio wa Kiflemi unakuonyesha tofali ndefu, kisha kichwa cha tofali, kisha ndefu, kwa sababu tofali zilipita kutoka nje hadi ndani ya ukuta na kuufunga. Ukuta wa leo una tabaka mbili zenye nafasi katikati, na tabaka la nje ni nusu tofali, kwa hiyo vichwa havina kazi tena. Wajenzi wa haraka wanalaza tofali zote kwa urefu, safu baada ya safu, na hapo ndipo jicho linapotambua kuwa nyumba ni ya juzi. Ukitaka mpangilio wa Kiflemi leo, fundi mwashi atakata tofali vipande viwili ili apate vichwa. Ni kazi, ni pesa, na ni lazima iandikwe kwenye hesabu ya gharama tangu mwanzo, la sivyo itafutwa siku ya kubana matumizi.

Mota ndiyo inayosahaulika. Katika ukuta wa Kiflemi mota ni karibu sehemu moja ya tano ya unachokiona, kwa hiyo rangi yake inabadilisha ukuta mzima. Kwa nyumba ya sura hii tumia chokaa. Sisi tuliokulia Pwani tuna faida hapa, tumeona kuta za Mji Mkongwe na Lamu zikipumua kwa chokaa, na tumeona ukuta uleule ukibabuka plasta baada ya mtu kuupaka saruji. Fizikia ni hiyohiyo huku: chokaa huruhusu unyevu utoke kwenye ungio, saruji huufungia ndani ya tofali, na barafu ikija inapasua uso wa tofali. Kuna faida nyingine pia. Ukuta wa saruji hudai mkato wa wima kila baada ya mita 12 hivi ili usipasuke, na mkato huo unaonekana kutoka barabarani. Mota ya chokaa hunyumbulika, na mhandisi akiridhia mnaweza kupunguza mikato hiyo au kuifuta. Ila chokaa haitaki baridi. Kipimajoto kikishuka chini ya nyuzi 5 kazi inasimama na ukuta unafunikwa magunia. Panga kazi ya uashi kati ya Aprili na Septemba, na uyaandike hayo kwenye ratiba kabla mkandarasi hajatia sahihi.

Usichague tofali kwa sampuli moja iliyoletwa ofisini. Agiza fundi ajenge kipande cha ukuta pale kiwanjani, mita moja kwa mita moja, kwa mota tatu tofauti. Rangi ya mota inatokana zaidi na mchanga, kwa hiyo ni mchanga unaoubadilisha. Akimaliza, na mota ikianza kukaza, mwombe aigonge kwa brashi ngumu badala ya kuilainisha kwa chuma. Brashi huondoa utando wa juu na chembe za mchanga zinajitokeza. Ghafla ule ukuta unaonekana una umri. Kiache kipande hicho hadi kikauke kabisa, maana chokaa ikiwa mbichi ni nyeusi kuliko itakavyokuwa. Kitazame jua likiwaka, kitazame mvua ikinyesha. Mlete mteja akitazame akiwa na mwenzi wake, wote wawili, ili mmoja asije akasema hakuulizwa. Kipande hicho kisibomolewe mpaka nyumba iishe. Ndicho kipimo cha kila mwashi atakayekuja.

Kuhusu jua, mliokulia kwetu inabidi mgeuze vichwa. Kwetu tunachora kulikimbia jua: baraza pana, madirisha yanayoelekea upepo. Huku tunalifuata. London, Desemba, jua la saa sita mchana liko nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, na kabla ya saa kumi jioni limezama. Chumba kinachotumiwa zaidi kielekee kusini, stoo na vyoo viende kaskazini. Na rangi nazo zinabadilika. Nyeupe inayong'aa vizuri Mombasa inageuka ya kijivu baridi kwenye chumba cha kaskazini huku, ndiyo maana Waingereza wamebobea katika rangi zenye udongo kidogo ndani yake. Farrow & Ball, kampuni ya Dorset iliyoanzishwa mwaka 1946, imejipatia jina kwa rangi za namna hiyo. Usiige chumba cha mtu. Paka ubao mkubwa, uuhamishe ukuta hadi ukuta kwa siku nzima.

Ndani, kila kitu kinaanza na urefu wa dari. Nyumba mpya za kawaida zina dari ya mita 2.4. Ukibandika konisi nzito (pambo la pale ukuta unapokutana na dari), ubao wa kiunoni na skatingi ndefu (ubao wa chini ya ukuta) kwenye chumba hicho, utakifanya kiwe kifupi zaidi. Mapambo hayo yalitokana na nguzo za Kirumi zilizolazwa ukutani: skatingi ni kitako cha nguzo, konisi ni ukingo wa juu kabisa wa kile ambacho nguzo inakibeba, kwa hiyo yanakua na kupungua pamoja na ukuta. Pigania mita 2.7 hadi 3 kwenye ghorofa ya chini. Ujue gharama yake: dari ya mita 3 na sakafu ya juu yenye unene wa sentimita 30 ni mita 3.3 za kupanda. Sheria inaruhusu ngazi ya nyumbani yenye vidato vya hadi milimita 220, lakini ngazi ya kifahari haipandwi hivyo; milimita 165 ndiyo inayoubeba mguu bila kuuchosha, na hapo unapata vidato 20. Ngazi imekuwa ndefu, ukumbi umekua, paa limepanda, na halmashauri inautazama sana urefu wa paa. Haya yapimwe wiki ya kwanza.

Milango pia. Mlango wa dukani huku una upana wa milimita 762 na urefu wa milimita 1981, kipimo kilichobaki tangu enzi za futi na inchi. Kwenye chumba cha mita 3 mlango huo unachekesha. Agiza wa mita 2.2 au zaidi, mbao nzima, unene usiopungua milimita 44. Na mahali skatingi inapokutana na ubao wa kuzunguka mlango, weka kipande cha mbao kinene kidogo kuliko vyote viwili, ili skatingi ifikie hapo na kuishia. Bila kipande hicho, skatingi yenye unene itatokeza mbele ya ubao wa mlango na seremala ataikata mshazari. Ni jambo dogo ambalo hakuna mgeni atakayelitaja. Ila chumba chenye maungio ya namna hiyo kinatulia, na mwenye nyumba anaanza kusema "sijui kwa nini, lakini nakipenda chumba hiki".

Usasa wenyewe uuweke wapi? Kanuni yangu ni kutochanganya lugha mbili kwenye ukuta mmoja. Ukuta wa mbele uzungumze Kiingereza cha kale kwa ukamilifu. Nyuma, upande wa bustani, ukitaka kioo cha mita 6 na fremu nyembamba za chuma, kiweke, lakini kitenganishe na tofali kwa kiungo kilichorudi ndani, chenye kivuli, ili kila upande usimame wenyewe. Kinachoniudhi ni nusu nusu: bomba la moshi la plastiki lililogandishwa paani na chini yake hamna meko, au boriti za "mwaloni" zilizo matundu ndani. Kama mteja anataka boriti, awekewe boriti za kweli. Mwaloni mbichi utapasuka ukikauka, mwambie mapema kuwa mipasuko hiyo ni tabia yake na si ubovu. Na usiruhusu misumari ya chuma cha kawaida. Asidi iliyomo kwenye mwaloni inakula chuma na kuacha madoa meusi yasiyotoka kirahisi. Chuma kisichoshika kutu tu.

Jikoni nitapita haraka maana kila mtu anaandika juu ya jikoni. Milango ya kabati ikae ndani ya fremu, pengo la milimita 2 pande zote, bawaba zionekane, na rangi ipakwe kwa brashi baada ya kabati kufungwa mahali pake. Shaba ya vitasa isipakwe vanishi, iachwe ifubae kwa mikono ya wenyewe. Nyuma ya jiko kubwa la kupokelea wageni, nyumba za kifahari siku hizi zina jiko la pili la kazi chafu. Wateja wetu wa Nairobi wamelijua hilo zamani, kwa hiyo hapo mna la kuwafundisha Waingereza. Usisahau chumba cha mabuti karibu na mlango wa nyuma: benchi, sinki pana la kuoshea mbwa, sakafu ya mawe, sehemu ya makoti yaliyolowa. Katika nchi ya matope chumba hicho kinatumika kila siku kuliko chumba cha kulia, na mteja atakusifu kwa hicho kuliko kwa konisi.

Taa ndizo zinazotofautisha nyumba ya Kiingereza na ukumbi wa hoteli. Waingereza wanakaa jioni kwa taa za mezani, taa za dari zimezimwa. Muombe fundi umeme aweke saketi ya pekee ya soketi ndogo za ampea 5, zile za pini tatu za mviringo, kila kona ambapo taa ya meza itakaa. Unaingia, unabonyeza swichi moja mlangoni, taa zote za meza zinawaka pamoja. Ili hilo liwezekane ni lazima ujue kochi litakaa wapi kabla sakafu haijamwagwa zege. Wengi hawajui, ndiyo maana unaona waya zimevukishwa chini ya mazulia.

Joto liko sakafuni siku hizi, kwenye mabomba ya maji ya moto yanayoendeshwa na pampu ya joto. Vizuri, kuta zinabaki huru. Lakini mbao za mwaloni mzima juu ya mabomba hayo zitajikunja. Tumia zile za tabaka zilizounganishwa kwa gundi, na uso wa sakafu usizidi nyuzi 27. Mazulia mazito nayo yanazuia joto, kwa hiyo mhandisi aambiwe mapema zulia litakuwa wapi.

Sasa sheria na fedha, kwa ufupi. Kwanza, usijiite "architect", yaani msanifu majengo, kwenye kadi yako kabla hujasajiliwa. Jina hilo linalindwa na sheria ya mwaka 1997, na kulitumia bila usajili ni kosa. Pili, kama kiwanjani pana jengo lililoorodheshwa kuwa la kihistoria, liwe Daraja la I, II* au II, usiguse hata dirisha bila kibali. Kufanya hivyo ni jinai, na halmashauri inaweza kudai urudishe kitu hata baada ya miaka mingi. Tatu, VAT: nyumba mpya inatozwa asilimia 0, ukarabati kwa kawaida asilimia 20. Nyumba ya zamani ikibomolewa hadi usawa wa ardhi, mpya inahesabika mpya. Ukiacha ukuta mmoja kwa mapenzi yako tu unaweza kupoteza msamaha wote, isipokuwa ukiwa ukuta wa mbele ulioachwa kwa sharti la kibali. Mimi naiona sheria hii inawahimiza watu wabomoe nyumba nzuri, lakini ndiyo iliyopo, na mteja anatarajia uijue. Nne, kujenga nyumba peke yake mashambani karibu kumekatazwa. Upenyo mmojawapo ni ule uliofunguliwa mwaka 1997 wakati John Gummer akiwa waziri, kwa nyumba yenye usanifu wa hali ya juu kabisa. Nyumba inayoiga ya kale bila wazo jipya hupata tabu kupita hapo.

Mafundi wasikilizeni. Ninyi mmetoka kwenye desturi ya shikamoo, msiitupe mlangoni. Mwingereza hana neno lake, lakini fundi mwashi mzee anajua anapoheshimiwa. Mpelekee chai, muulize kabla hujamwamuru. Mchoro wako unaposema "mota ya milimita 8", yeye ndiye ajuaye kama tofali za mkono zenye mabonde zitaikubali.

La mwisho ni kizingiti cha nyuma, pale sebule inapotokea kwenye baraza la mawe. Mteja anataka sakafu ya ndani na ya nje ziwe usawa mmoja, na kanuni za ujenzi nazo zinataka nyumba mpya iwe na angalau mlango mmoja usio na ngazi. Lakini utando wa kuzuia unyevu ukutani unatakiwa uwe milimita 150 juu ya ardhi, na mvua ya huku haipigi kelele, inakaa. Jibu ni mfereji mwembamba mbele ya mlango, umefunikwa kwa chuma au kwa jiwe lenye upenyo, baraza likiteremka kutoka kwenye nyumba, na usawa wa ardhi ukishuka kwenye kuta zilizobaki. Chora mchoro wa mkato wa hapo kwa kipimo cha 1:5, umpelekee mhandisi na fundi wa milango siku moja, na uupe namba yake kwenye orodha ya michoro kabla msingi haujachimbwa.